Skuli zimefungwa kwa corona, hoteli zimefungwa, na baba watoto kamzuia mwanangu Nungwi. Naomba rai zenu

UmmuWawili (mleta uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Habari yangu ni ndefu, na nimeiandika ndefu kusudi, kwa sababu nikiikata katikati mtanipa rai ya jambo jengine.

Nipo Unguja mjini, nimeachika huu mwaka wa tatu, sijaolewa tena. Nina watoto wawili: mwanamume katimiza miaka 7 Februari hii, na mwanamke ana miaka 4. Baba yao ni mtu wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, anaishi huko huko, alikuwa mpishi hotelini. Tulipoachana, jambo la watoto lilifika kwa kadhi likaamuliwa: watoto wakae kwangu, yeye atoe matunzo shilingi 80,000 kila mwezi, na wiki moja ndiyo wiki moja hapana awachukue Ijumaa jioni, awarejeshe Jumapili. Karatasi ninayo.

Kuzungumza naye ni mtihani. Mchana hapokei simu. Usiku wa manane ndio anatuma sauti za WhatsApp, moja baada ya nyengine, zote lawama. Akitaka kitu humtuma dada yake aniambie, nami nikijibu, jibu linafika limeshageuzwa. Watoto wakirudi huyu mkubwa ananiambia, "Baba kaniuliza unazungumza na nani kwenye simu." Yote hayo nilistahamili kwa sababu Jumapili watoto walikuwa wakirudi, wameoga, wamekula, na nguo zao zimetimia mfukoni. Kwa hilo sitomsingizia.

Tangu Januari alishaanza kuniletea maneno kupitia wifi kwamba mtoto wa kiume akitimiza miaka 7 ni wa baba, nimtayarishie vitu vyake. Nikamjibu arudi kwa kadhi. Hakwenda. Hapo mpashike, kwa sababu ndio msingi wa yote ninayoyasema.

Mwezi wa Machi, mwaka huu wa 2020, maradhi ya corona yakatangazwa kuwa yameingia Zanzibar, skuli zikafungwa, vyuo vya Kurani vikafungwa. Safari hii akapiga simu mwenyewe, mchana, kwa sauti nzuri: niletee watoto shamba, huko mjini watu wamebanana. Nikakubali. Mimi nafanya kazi kituo cha afya, na nyumbani nina mama yangu ana sukari na presha. Niliona watoto wakae upepo wa bahari kidogo mpaka tujue mambo yanaelekea wapi.

Mdogo alikuwa analia kila usiku, akamrudisha na shangazi yake kwa gari ya 116, daladala ya Nungwi. Mkubwa kabaki naye mpaka leo. Nikiuliza lini anarudi, kwanza aliniambia "ngoja mambo yatulie". Halafu ikawa "wewe unashika wagonjwa, utamwambukiza". Sasa imekuwa hadithi ya tauni: mkisikia tauni imeingia nchi msiiingie, na ikizuka mlipo msitoke. Na wakati ananisomea hadithi hiyo, yeye mwenyewe wiki iliyopita alionekana Darajani, sokoni huku mjini, ananunua nyuzi za nyavu.

Matunzo yamekatika. Hoteli imefungwa, wafanyakazi wameambiwa warudi makwao bila mshahara, na hilo nalijua ni kweli. Lakini maneno aliyonitumia ni haya: "Mmoja ninaye mimi, mmoja unaye wewe, hakuna anayemdai mwenziwe." Kawagawa wanangu namna hiyo.

Nikipiga simu, simu inawekwa sauti kubwa na watu wamekaa. Mwanangu ananijibu neno moja moja, na nyuma nasikia mtu anamnong'oneza. Dada yake ameacha kula vizuri, anamtengea kaka yake mahali kwenye mkeka. Na Ramadhani hiyo inaingia. Mwaka huu alikuwa kaniahidi atajaribu kufunga, nimuamshe daku.

Nimeshauriwa mambo mengi: niende nimchukue kwa nguvu, niende polisi, ninyamaze mpaka corona iishe. Nataka kuwasikia nyinyi. Na kama kuna mjuzi, aniambie kweli hii miaka 7 ina hukumu gani.

Jecha_Mkokotoni

Dada panda 116 asubuhi nenda kamchukue mwanao. Karatasi ya kadhi unayo, unamuogopa nani?

Mama_wa_Chake

Usimsikilize. Mimi yalinikuta hapa Pemba kabla ya corona, mtalaka wangu yupo Wete. Nilikwenda peke yangu kumchukua binti yangu, tukamvutana uani mbele ya majirani, yeye mkono huu, mimi mkono huu. Mtoto alipata homa siku ile ile. Mpaka leo akisikia baba yake na mimi tunazungumza kwenye simu anatoka nje ya nyumba.

Shoga yangu, mtafute mtu ambaye huyo bwana hawezi kumpandishia sauti. Kila mwanamume anaye. Baba yake akiwa hai, au ami yake, au mwalimu aliyemfundisha chuoni. Huyo ndiye umpigie wewe mwenyewe, si kwa mdomo wa wifi. Na ukienda, nenda na mwanamume wa upande wako, kaka au mjomba, mtu mpole. Mkali abaki nyumbani.

Kijana_wa_Kaskazini

Mimi natoka huku huku na mimi pia nilikuwa hotelini, upande wa bustani. Naomba niseme mawili, moja la kumtetea na moja la kumkosoa.

La kumtetea: hali ya huku msiichukulie kama ya mjini. Ndege za wageni zilipokatika, Nungwi ilizimika. Ufukweni unatembea unaona mbwa na watoto tu. Wanaume waliokuwa wapishi, madereva, watembeza wageni, wote wamerudi baharini, na samaki wakipatikana mnunuzi hakuna, maana hoteli ndizo zilizokuwa zikinunua pweza na kamba kwa bei ya maana. Mtu aliyekuwa na mshahara mwezi wa pili, mwezi wa nne hana hata vocha. Kwa hiyo 80,000 kuikosa si ukorofi peke yake.

La kumkosoa: anaposema kamzuia mtoto kwa ajili ya maradhi, si kweli. Watoto wa huku wanacheza mpira ufukweni asubuhi na jioni, kundi zima, wanachangia kopo moja la maji. Hakuna aliyefungiwa ndani. Kama anaogopa corona, angeanzia hapo.

Mtu_wa_Amani

Mimi nitasema linalochukiza. Mleta uzi unafanya kazi kituo cha afya, nyumbani una mzee wa sukari na presha. Hebu weka hasira pembeni. Mtoto akiwa Nungwi si yupo mbali zaidi na hatari? Na bibi yake pia si anapumzika na hatari ya mtoto anayetoka kucheza na kundi? Labda baba ana hoja hata kama nia yake mbaya.

UmmuWawili

Ndugu yangu Mtu wa Amani, hoja yako nimeipokea na nitaijibu kwa utulivu, maana hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi, si ya hadithi ya tauni.

Nikitoka kazini siingii mlango wa mbele. Napita uani, sare inaingia kwenye ndoo ya maji ya sabuni, naoga, ndipo nasalimia. Mama yangu analala chumba cha nyuma na ana chombo chake na kikombe chake. Wageni tunawapokea barazani. Mdogo hatoki kwenda kucheza nyumba za watu. Hayo nayafanya tangu Machi, na namsimulia baba yao kila mara, hajibu.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Siku kituoni kwetu atakapopatikana mgonjwa ambaye nimemhudumia, au mimi mwenyewe nikianza homa na kikohozi, nitampigia baba yao saa hiyo hiyo aje awachukue wote wawili, na nitamshukuru. Hofu ya kweli ndivyo inavyofanya kazi: ina dalili, ina mwanzo, ina mwisho. Hii ya kwake haina mwisho. Ukimuuliza lini, hana jibu. Ukimuuliza kwa nini mdogo amerudi kwenye nyumba hiyo hiyo yenye hatari, hana jibu. Kama nyumba yangu ni ya hatari kwa wa miaka 7, vipi iwe salama kwa wa miaka 4?

Alikuwa anamtaka mtoto tangu Januari. Ninachokataa mimi ni mzazi yeyote kupewa na corona kile alichoshindwa kukipata kabla ya corona.

Baba_Kiembesamaki

Sentensi yako ya mwisho imenichoma, na nakuomba uisimamie hata ikikugeukia upande wa wanawake. Mimi mtalaka wangu hajanionesha watoto tangu skuli zifungwe. Nyumba hazifiki hata nusu saa kwa mguu. Matunzo natoa, sijakosa mwezi. Nikienda naambiwa geti limefungwa, kuna maradhi. Ndani nasikia wageni wanacheka. Nikilalamika naambiwa wanaume hatuna huruma. Humu kila uzi baba ndiye mkorofi.

UmmuWawili

Naisimamia. Kama wageni wanaingia na wewe huingii, umezuiwa na mtu, hukuzuiwa na maradhi. Mama anayefanya hivyo anawadhulumu watoto kama huyu wangu anavyowadhulumu. Nakuomba ubaki kwenye uzi huu, tunachotafuta ni kimoja.

Ustadh_Shamba

Nimesoma tangu juu. Nitajibu la miaka 7 kisha la tauni.

Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mama ndiye mwenye haki ya hadhana, yaani kulea, mpaka mtoto afikie tamyizi, yaani ale mwenyewe, ajisafishe mwenyewe, apambanue mambo. Wanavyuoni wamekadiria miaka 7. Lakini akifika hapo hahami moja kwa moja kwenda kwa baba kama wengi mnavyodhani. Anakhiyarishwa, yaani anapewa achague mwenyewe. Imepokewa kwa Abu Huraira kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia kijana: huyu baba yako na huyu mama yako, shika mkono wa umtakaye, na yule kijana akashika mkono wa mama yake. Na mtoto wa kiume akimchagua mama, baba hapotezi: usiku analala kwa mama, mchana baba ana haki naye kumfundisha dini na kazi. Akibadilisha kauli baadaye, anafuatwa kauli yake. Sasa, kukhiyarishwa maana yake mtoto awe huru. Mtoto aliyekaa kwa mmoja wiki kwa wiki, simu yake inasikilizwa na watu wazima, huyo hajakhiyarishwa bado.

Hadithi ya tauni ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na hakuna wa kuichezea. Makusudio yake ni kuzuia maradhi yasiingizwe wala yasitolewe. Anayeitumia aanze na nafsi yake. Mtu akija Darajani kununua nyuzi kisha akarudi Nungwi akalala chumba kimoja na mtoto, ameshaivunja hiyo hadithi kabla ya kumsomea mwenziwe.

Kuna aya ambazo nadhani zinawahusu zaidi. Baqara, aya ya 233, inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Wote wawili wametajwa, ndugu yangu wa Kiembesamaki. Na Suratu Talaq, aya ya 7, inasema mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepunguziwa riziki atoe katika kile alichopewa. Huyu baba hoteli imefungwa, kapunguziwa kweli. Lakini aya haikusema asitoe kitu. Imesema atoe katika alichopewa. Kama leo riziki yake ni samaki, basi ni samaki.

Msaidizi_wa_Sheria

Naongeza upande wa sheria kwa ufupi. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 inaipa mahakama hiyo mamlaka juu ya talaka, malezi na matunzo, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na asikilizwe kwa kadiri ya umri wake. Amri uliyonayo inabaki kuwa amri. Haifi kwa corona wala kwa mtoto kutimiza miaka 7. Anayeona mambo yamebadilika, yeye kwa malezi au kwa kipato chake, anatakiwa arudi kuomba ibadilishwe. Kujibadilishia mwenyewe nyumbani ni kuvunja amri.

Kwa hiyo: sauti zake zote za WhatsApp usizifute. Ujumbe wako uwe wa maandishi, mfupi, bila tusi, kwa sababu siku moja kadhi anaweza kuusoma. Nenda kwa sheha wako, kiongozi wa mtaa wenu, umueleze, aandike. Kila wilaya ina afisa ustawi wa jamii, huyo anaweza kumpigia baba simu kabla hamjafika mbali. Na wakati huo huo kikao cha wazee kiendelee. Kadhi mwenyewe atakuuliza kama mmejaribu suluhu.

Polisi iache kwanza. Mtoto hajapotea, yupo kwa baba yake.

Mwananchi_Ughaibuni

Mimi ni mtu wa Mkunazini, sasa nipo London, mtalaka wangu naye yupo hapa hapa, upande mwengine wa jiji. Huku tumefungiwa kwelikweli tangu tarehe 23 Machi, kutoka nje ni kwa sababu maalumu tu. Nawaelezea yaliyotokea huku kwa sababu mnayazungumza hayo hayo.

Asubuhi ya pili yake, tarehe 24, waziri mmoja, Michael Gove, alisema kwenye televisheni kwamba watoto wasihame kati ya nyumba za wazazi waliotengana. Simu yangu ilijaa ujumbe wa mtalaka wangu ndani ya dakika chache: umesikia, watoto hawaji tena. Siku hiyo hiyo Gove akajisahihisha. Agizo lenyewe linasema watoto walio chini ya miaka 18 wanaweza kupelekwa kati ya nyumba za wazazi wao. Na jaji mkuu wa mahakama za familia, Andrew McFarlane, akatoa mwongozo siku ile ile. Alisema kuruhusiwa kuhama si kulazimishwa kuhama. Wazazi wapime mambo matatu: afya ya mtoto, hatari ya maambukizi, na kama kuna mtu dhaifu katika nyumba moja au nyengine. Na mtoto asipoweza kwenda, basi azungumze na mzazi wake kwa simu au video, amri itimizwe kwa roho yake kama haiwezekani kwa herufi.

Mimi nilichukua yale matatu nikayaandika kwa Kiswahili nikamtumia mtalaka wangu, nikamwambia kila mmoja ajibu kuhusu nyumba yake mwenyewe, si ya mwenziwe. Hilo ndilo lililotuokoa. Tulipokuwa kila mtu anaipekua nyumba ya mwenziwe hatukufika popote. Amenijibu kwamba anaishi na mtu mwenye pumu. Sikuwa najua. Tumepunguza safari za watoto, zikawa chache na ndefu zaidi, na kila jioni kuna simu ya video.

Mtu_wa_Amani

Hayo matatu yamenikaa. Mleta uzi, baba yao ameyajibu? Wewe umeshayajibu humu.

Fundi_Salum_Mombasa

Huku kwetu hata hiyo nafasi ya kuulizana hatuna. Mombasa imefungwa kuingia na kutoka tangu tarehe 8 Aprili, na Nairobi siku mbili kabla. Mwanangu alikuwa Nairobi kwa mamake, akafungiwa huko. Nyinyi njia iko wazi, watu wanapita, na bado mtoto hapiti. Sikilizaneni wakati njia ingali wazi.

UmmuWawili

Nimerudi na habari. Nilifuata la Mama wa Chake. Baba yao ana ami yake, mzee, fundi wa madau hapo Nungwi, ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufa. Nilimpigia mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Hizi habari sikuzijua hivi. Njooni Jumamosi, wewe na mjomba wako." Nilikwenda kwa vespa ya kaka yangu na mjomba akaja na gari ya jirani, ili tusibanane kwenye daladala.

Tulikaa nje chini ya mkungu, tumeachana nafasi, tumevaa barakoa, hata mzee. Wifi yangu alikuja akaambiwa na mzee arudi ndani. Mtalaka wangu alianza na tauni. Mzee akamwachia amalize, kisha akamuuliza: "Na nyuzi ulinunua wapi?" Hakuongeza neno. Basi hadithi ya tauni ikaishia hapo.

Mimi nikatoa yale matatu, nikajibu ya nyumba yangu: kazi yangu, mama yangu, ndoo ya sabuni, chumba cha nyuma. Nikasema lile la kumpigia simu saa hiyo hiyo ikitokea hatari kituoni. Naye akaulizwa ajibu ya kwake. Aliona tabu, lakini alijibu. Akasema kweli watoto wanacheza pamoja, na nyumbani wanalala saba.

Kisha akasema jambo ambalo kwa miaka mitatu hakuwahi kunitumia katika sauti zake zote za usiku. Alisema, "Nikimrudisha na wakafunga njia, sitamuona. Kazi imeondoka, na huyu naye akiondoka nimebaki na nini?" Nilimwamini. Lakini nilimwambia mbele ya mzee kwamba hofu hiyo ninayo mimi pia, na kwamba yeye alitibu ya kwake kwa kunitia mimi ndani yake.

Mjomba alitaka mtoto aulizwe pale pale. Mzee alikataa. Alimchukua mpaka kwenye dau alilokuwa akilichonga, wakakaa wawili, sisi tunaona kwa mbali hatusikii. Walikaa sana. Waliporudi mzee akasema mtoto anataka kufunga Ramadhani nyumbani kwa sababu ameniahidi mimi na amemmiss dada yake, na sikukuu anataka aje Nungwi siku zote nne, na dada yake aje naye. Baba yake alilia. Mimi pia.

Mama_wa_Chake

Alhamdulillahi. Na fedha mlizungumza, au mliona haya?

UmmuWawili

Tulizungumza. Mzee hakuona haya hata kidogo. Alimuuliza kwa wiki anapata nini baharini, akapiga hesabu papo hapo. Mpaka kazi irudi atatoa 30,000 kwa mwezi, na samaki mara moja kwa wiki, wapakizwe kwenye gari asubuhi. Mimi sikusamehe zile 50,000 zinazopungua kwenye 80,000, na yeye hakudaiwa pale. Tumekubaliana kadhi ndiye atakayesema kama zinafutwa au zinabaki deni. Na ile kauli ya mmoja wako mmoja wangu, mzee alimwambia aifute kwa mdomo wake, akaifuta.

Simu: kila siku baada ya tarawehe, kwa mtoto aliye kwa mwenziwe, bila sauti kubwa na bila mtu kukaa karibu. Sauti za usiku hakuna. Akiwa na jambo anaandika, kabla ya magharibi. Wifi si mjumbe tena. Kupokezana watoto ni Kinyasini, katikati ya njia, mbele ya msikiti, anayeleta ni mmoja wa mjomba au ami, si sisi wenyewe, mpaka tuzoeane.

Msaidizi_wa_Sheria

Hongera dada. Mmetia saini? Pelekeni nakala kwa kadhi iingie kwenye jalada lenu, hasa hilo la 30,000, maana kazi zikirudi kila mtu atakumbuka namna yake. Na nakala moja kwa sheha wa kila upande.

UmmuWawili

Tumetia saini sisi wawili, mzee na mjomba. Imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la skuli la mwanangu. Jumatatu naipeleka.

Kijana_wa_Kaskazini

Huyo mzee namjua kwa sifa. Vijana wengi huku wamesuluhishwa kwenye lile dau lake. Mleta uzi, mtoto amefika salama?

UmmuWawili

Amefika, na amefunga tatu. Ya nne alifungua adhuhuri, na baba yake kwenye simu akamwambia na yeye alipokuwa miaka 7 alifungua adhuhuri. Nilikuwa karibu, si karibu sana.

Baba_Kiembesamaki

Dada, nimempata shangazi yake mtalaka wangu, amekubali kutukalisha. Naomba kile kipengele cha maradhi ulivyokiandika, maana kwetu ndicho kitakachogombewa. Tukikiacha wazi, geti litafungwa tena.

UmmuWawili

Nakunukulia kama kilivyo:

"Mzazi yeyote, au mtu yeyote anayelala nyumbani kwake, akipata homa, kikohozi au shida ya kupumua, au akijua amekaa na mgonjwa, atamwambia mwenziwe siku hiyo hiyo kwa maandishi. Watoto watabaki, au watahamia, kwenye nyumba isiyo na mgonjwa kwa siku 14. Siku hizo zikimalizika bila mgonjwa mwengine, utaratibu unarudi kama ulivyokuwa, na mzazi aliyekosa siku zake atalipwa siku hizo. Hakuna atakayemzuia mtoto kwa habari za mitaani, ila kwa mgonjwa anayejulikana au kwa amri ya serikali. Simu ya kila siku haisimami kwa sababu yoyote."

Zile siku 14 ndizo tunazoambiwa kazini za karantini. Na sentensi ya kulipwa siku usikubali iondolewe. Mtalaka wangu ndiye aliyeidai, nami nikaona ana haki.